Mbunge Akiasi Chama Chake, Mimi Nauliza Amerudi na Nini

Wadau, kuna namba moja imenikaa kichwani tangu Novemba: nane. Seneti ya Marekani ina maseneta 100. Warepublikani wako 53. Ili kufungua serikali iliyokuwa imefungwa tangu Oktoba 1, 2025, walihitaji kura 60, na mmoja wao, Rand Paul wa Kentucky, alikuwa amekataa katakata. Kwa hivyo walikuwa na 52, na pengo la watu wanane. Usiku wa Jumapili, Novemba 9, wakatokea watu wanane kutoka upande wa pili. Si saba, si tisa. Nane kamili.

Tangu hapo nimesoma kila aina ya matusi juu ya hao wanane, mengine kutoka kwa Wakenya ambao hata viza hawajawahi kuomba. Wasaliti. Waoga. Wameuza mechi. Upande mwingine nao wakasifiwa ati ndio pekee waliobaki na busara. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na wacha nieleze, kwa sababu hii stori inatuhusu kuliko vile inakaa kwa mbali.

Kwanza tuelewane. Serikali ya Marekani inafungwaje? Bunge lao lisipopitisha bajeti kabla mwaka wa fedha kuanza Oktoba 1, idara nyingi zinakosa ruhusa ya kisheria ya kutumia hata senti. Sheria yenyewe ni ya kale, ya karne ya 19, lakini kwa miaka mingi bajeti ikichelewa ofisi zilikuwa zinaendelea tu na shughuli. Ni mwaka 1980 ndipo Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Benjamin Civiletti, aliisoma upya akasema hapana, pesa zikikatika kazi nayo ikome, isipokuwa ile ya kulinda maisha na mali. Yaani balaa hili lote linatokana na maoni ya wakili mmoja. Safari hii ilidumu siku 43, ndefu kuliko zote katika historia yao hadi wakati huo. Rekodi ya awali ilikuwa siku 35, kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019.

Hiyo "kazi ya kulinda maisha" ndiyo inauma. Mamia ya maelfu ya wafanyakazi walitumwa nyumbani bila mshahara, na mamia ya maelfu wengine wakaambiwa waje kazini, vilevile bila mshahara. Hebu fikiria wewe ni mwongoza ndege. Umekaa kwenye mnara, kila ndege iliyo mbele yako imebeba watu mia na kitu, na mwisho wa mwezi hati yako ya mshahara inasoma sufuri. Wengine walianza kukosa kazini, na kufikia Novemba 7 serikali ikaagiza safari zipunguzwe katika viwanja 40 vikubwa. Ni kweli, kuna sheria ya 2019 inayosema watalipwa malimbikizo serikali ikifunguliwa. Sawa. Lakini landilodi hangoji malimbikizo. Sisi wa Fuliza tunaijua hiyo lugha vizuri.

Na waheshimiwa wenyewe je? Mshahara wao umelindwa na katiba. Dola 174,000 kwa mwaka, serikali ifungwe isifungwe. Hapo ndipo nilijua hawa ni ndugu wa damu wa wale wetu.

Halafu chakula. Kuna mpango unaitwa SNAP, serikali inaweka pesa za chakula kwenye kadi kwa watu wa kipato cha chini. Wanaoutegemea ni karibu milioni 42, yaani takriban mtu mmoja kati ya kila wanane nchini humo. Wastani ni kama dola 187 kwa kila mtu kwa mwezi. Novemba 1 ilipofika, pesa hazikuingia. Kesi zikaenda mahakamani, majaji wakaamuru watu walipwe, serikali ya Trump ikapigana na hizo amri hadi Mahakama ya Juu. Binamu yangu anafanya kazi kwenye duka la vyakula huko Maryland. Aliniambia wiki hiyo watu walikuwa wanafika kwa kaunta, kadi inakataa, wanaanza kurudisha vitu kimoja kimoja. Nyama kwanza. Kisha matunda. Maziwa ya mtoto ndiyo yanabaki mwisho, na hapo mama anafungua pochi kuhesabu sarafu huku foleni ikimwangalia.

Kwa nini Wademokrati walikubali hali ifike hapo? Kwa sababu ya bima ya afya. Kuna ruzuku iliyoongezwa mwaka 2021, wakati wa korona, kusaidia watu wanaojinunulia bima chini ya ile sheria ya Obama. Zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wanaipata, na ilikuwa inaisha Desemba 31, 2025. Shirika la utafiti la KFF lilipiga hesabu kwamba ruzuku ikiisha, kile mtu anacholipa mfukoni kwa mwaka kitapanda kwa wastani kutoka dola 888 hadi 1,904. Zaidi ya mara mbili. Wewe unayelalamikia asilimia 2.75 ya SHA, na una haki ya kulalamika, jaribu kufikiria umeamshwa Januari ukaambiwa sasa ni 6. Hata Marjorie Taylor Greene, Mrepublikani wa Georgia ambaye hakuna mtu angemwita mpole, alisema hadharani mwezi Oktoba kwamba malipo ya bima ya watoto wake wakubwa yangeongezeka maradufu, na kwamba chama chake hakina mpango.

Kwa hivyo Wademokrati wakasema: hatupigi kura ya bajeti mpaka mtuhakikishie ruzuku. Warepublikani wakasema: fungueni serikali kwanza, ruzuku baadaye. Kura ikapigwa Seneti, ikaanguka. Ikarudiwa, ikaanguka. Mara kumi na nne.

Sasa hapa ndipo hasira ya watu ilipata moto. Novemba 4 kulikuwa na chaguzi, na Wademokrati walizoa. Virginia wao, New Jersey wao, New York City ikamchukua Zohran Mamdani, kijana mzaliwa wa Kampala hapa jirani. Trump mwenyewe aliwaambia maseneta wake siku iliyofuata kwamba kufungwa kwa serikali kumewaumiza. Yaani uko mbele mabao matatu, mpinzani anakiri kwamba anapumua kwa shida. Siku tano baadaye, wachezaji wako wanane wanakwenda kumpa refa mkono na kusema mechi imekwisha, twendeni nyumbani.

Ni akina nani? John Fetterman wa Pennsylvania, Catherine Cortez Masto wa Nevada na Angus King wa Maine, ambaye ni huru lakini hukaa na Wademokrati. Hawa watatu hawakubadilika. Tangu mwanzo walikuwa wanapiga kura serikali isifungwe. Wapya walikuwa watano: Jeanne Shaheen na Maggie Hassan wa New Hampshire, Tim Kaine wa Virginia, Jacky Rosen wa Nevada, na Dick Durbin wa Illinois. Huyu Durbin ndiye kiranja wa chama katika Seneti. Kiranja! Mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu kura na kuhakikisha hakuna anayetoroka, ndiye alitoroka.

Na hapa nirudi kwa ile nane yangu. Katika hao wote, hakuna hata mmoja ambaye jina lake litakuwa debeni Novemba 2026. Durbin na Shaheen walishatangaza kustaafu. Wengine wana hadi 2028 au 2030. Sina ushahidi kwamba walikaa chini wakagawana majukumu, wewe ubebe lawama kwa sababu huna uchaguzi, mimi nipige kelele ya Hapana kwa sababu ninao. Lakini nimekulia Kenya, nimeangalia siasa tangu nikiwa mdogo, na pua yangu inafanya kazi. Kura zinazotosha kabisa bila hata moja ya ziada hazidondoki kutoka mbinguni kama mvua. Kiongozi wao Chuck Schumer alipiga Hapana, na bado wenzake kama Ro Khanna wakasema inafaa aondolewe, kwa sababu hawakuamini kwamba hakujua.

Shaheen ndiye alikuwa mstari wa mbele katika mazungumzo. Binti yake, Stefany, anagombea kiti cha Baraza la Wawakilishi huko huko New Hampshire, na alitoka akasema hawezi kuunga mkono huo mkataba. Mama hagombei, binti anagombea. Kura za nyumba moja, hesabu mbili tofauti. Mimi sihitaji maelezo zaidi ya hayo kuelewa siasa inavyofanya kazi.

Sawa, lakini nimesema sitawaita wasaliti, na sitawaita. Jiweke mahali pa Kaine. Virginia imejaa wafanyakazi wa serikali kuu; ni kama mjumbe wa eneo ambalo nusu ya wapiga kura wanafanya kazi ofisi moja na ofisi hiyo imefungwa. Serikali ya Trump ilikuwa imetumia huo mwanya kufuta maelfu ya watu kazi. Kaine alitaka warudishwe, na wakarudishwa. Iliandikwa kwenye sheria. SNAP ikapata pesa za mwaka mzima, kwa hivyo hata wakifunga serikali tena kabla Septemba 2026, yule mama wa Maryland kadi yake haikatai. Hivyo ni vitu vya kushika mkononi. Ukiniuliza kama siku ya 40 ya njaa ya watu wengine ni wakati mzuri wa kuonyesha msimamo wako, nitakwambia inategemea nani anakaa na njaa. Kuna watu mtandaoni waliandika "tungeendelea hadi Krismasi" wakiwa wameagiza chakula kwa simu.

Shida yangu iko kwa kile kingine walichorudi nacho. Kwa ruzuku ya bima, jambo lenyewe lililosababisha vita, walipewa ahadi. Ahadi ya kupigiwa kura mwezi Desemba. Si kupitishwa, wadau. Kupigiwa kura. Mtu anakuahidi kwamba utaruhusiwa kuomba, na yeye ataruhusiwa kukataa, na unamshukuru. Hapa kwetu fundi akikwambia "kuja Alhamisi tutaona" unajua viatu vyako havijaguswa.

Na humo humo kwenye mswada, wakati watu wanabishana kuhusu maziwa ya watoto, kulikuwa na kipengele kinachomruhusu seneta kuishtaki serikali na kudai angalau dola 500,000 kila mara rekodi za simu yake zinapochukuliwa bila yeye kuarifiwa. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 60. Wengi katika Baraza la Wawakilishi walishtuka walipokiona, wakaupitisha mswada hivyo hivyo Novemba 12 kwa kura 222 dhidi ya 209, Trump akatia sahihi usiku huo, na wiki moja baadaye wakapiga kura 426 kwa sufuri kukifuta hicho kipengele. Sufuri! Kumbe wanaweza kukubaliana.

Desemba 11 ikafika. Kura iliyoahidiwa ikapigwa. 51 Ndiyo, 48 Hapana, ilihitaji 60. Imeanguka. Ila angalia ndani ya hiyo 51: kuna Warepublikani wanne. Susan Collins, Lisa Murkowski, Dan Sullivan na Josh Hawley. Na wiki iliyofuata, katika Baraza la Wawakilishi, Warepublikani wengine wanne wakafanya kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko cha wale wanane. Kuna kanuni kule inayosema wajumbe 218 wakitia sahihi, Spika hawezi tena kukalia mswada. Wademokrati wote 214 walikuwa wametia. Brian Fitzpatrick, Rob Bresnahan na Ryan Mackenzie wa Pennsylvania, pamoja na Mike Lawler wa New York, wakaenda wakaandika majina yao, wakampita Spika wao Mike Johnson. Kura ilipopigwa Januari 8, 2026, Warepublikani 17 waliunga mkono kurefusha ruzuku kwa miaka mitatu. 230 kwa 196.

Mtu ataniambia hao wanne hawana lolote la ushujaa, wanaogopa tu kupoteza viti, maana maeneo yao yanaweza kwenda upande wowote. Ndiyo! Ndiyo maana nawapenda. Mbunge anayeasi chama kwa kuogopa wapiga kura wake anafanya kazi yake jinsi ilivyokusudiwa. Kinachonisumbua ni muasi asiye na wa kumwogopa. Durbin ameingia Seneti 1997, anaondoka, atapewa karamu. Nani atamuuliza?

Najua pia kuna jibu la hilo. Pengine jambo chungu linahitaji mtu ambaye hana cha kupoteza, la sivyo hakuna atakayelifanya. Mwaka 2019, siku moja kabla ya ule mfungo wa siku 35 kuisha, Seneti ilipiga kura mbili. Mpango wa Trump ulipata 50. Mpango wa Wademokrati ulipata 52, kwa sababu Warepublikani sita walimwacha rais wao. Kesho yake Trump akafungua serikali. Mmoja wa hao sita, Cory Gardner wa Colorado, alikuwa na uchaguzi mwaka uliofuata, na akapigwa. Sidai alipigwa kwa sababu ya hiyo kura moja, lakini alijua uchaguzi unakuja na bado akainua mkono. Wengine wawili, Lamar Alexander na Johnny Isakson, hawakugombea tena. Kwa hivyo hata ule uasi ulikuwa mchanganyiko. Bado nampima Gardner kwa mizani tofauti na Alexander, na sioni aibu.

Tuje nyumbani. Watu wengi waliniuliza kama Kenya inaweza kufungwa hivyo. Si rahisi, na sababu iko kwenye Katiba, Ibara ya 222. Sheria ya matumizi ikichelewa kupita mwaka wa fedha unapoanza, Bunge la Kitaifa linaweza kuidhinisha pesa zitolewe wakati mambo yanapangwa, mradi zisizidi nusu ya makadirio ya mwaka. Waliotuandikia 2010 walifikiria. Kaunti ndizo zinakaribia hali hiyo. Kumbuka 2019, Seneti na Bunge la Kitaifa walivutana miezi kadhaa juu ya mgao, magavana wakatishia kufunga ofisi. Nesi wa kaunti anaweza kumfundisha mwongoza ndege wa Chicago jinsi ya kufanya kazi bila mshahara.

Lakini kuhusu kuasi chama, hapo tumefungwa kweli kweli. Ibara ya 103 inasema mbunge akihama chama kilichomdhamini, kiti kinaenda. Sheria ya Vyama vya Siasa inaongeza kwamba ukipigia debe chama kingine unaweza kuhesabiwa umehama. Kupiga kura kinyume na chama peke yake hakukuondoi bungeni, lakini chama kinaweza kukung'oa kwenye kamati, na nje ya kamati mjumbe ni kama abiria. Nia ilikuwa nzuri, kuzuia ile biashara ya zamani ya kununuana. Imezuia? Baada ya 2022 wajumbe wa upinzani walianza safari za Ikulu ati wanatafuta maendeleo. ODM ikatangaza Septemba 2023 kuwafukuza wabunge kadhaa, Jalang'o akiwemo, na Jalang'o akaendelea kukaa bungeni kama kawaida. Kwa hivyo anayeasi kuelekea kwa walio na pesa anabaki salama, na anayeasi kuelekea kwa wananchi ndiye anatishwa na kiranja.

Juni 25, 2024 tuliona hiyo wazi. Tuliwapigia wabunge simu usiku na mchana, tukawaandikia, tukawabembeleza waache chama kwa siku moja tu. Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Katika hizo 106 kulikuwa na watu wa upande wa serikali, wachache, ambao walijua watapata joto. Hao walikuwa wanaasi kama Gardner. Rais alikataa kutia sahihi kesho yake, lakini kufikia hapo vijana walikuwa wameshapigwa risasi nje ya lile jengo.

Kwa hivyo ninapoona Mkenya wangu anaandika "chama ni chama, msaliti ni msaliti" chini ya picha ya Tim Kaine, nashangaa kidogo. Ni wewe uliyekuwa unaomba usaliti Juni. Ulikuwa unaomba kwa haki kabisa. Basi tusiseme shida ni kuasi. Tuulize alichukua kura yake akainunulia nini, na je, kuna siku atasimama mbele ya watu kueleza bei. Kwa wale wanane, jibu la kwanza ni chakula, kazi za watu, na ahadi hewa ya bima. Jibu la pili ni hapana, angalau si 2026.

Orodha ya kura za 2024 mimi bado ninayo kwenye simu. Mheshimiwa wetu yuko upande wa 195. Mwaka jana alikuja kwa mazishi ya jirani, akasema yeye husikiliza wananchi, wazee wakapiga makofi kwa adabu. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na nimesikia anatetea kiti.